Ndege za kivita za pangaboi: Spitfire na Messerschmitt zilipishana wapi hasa?

Mwaka 2016 Air Tanzania ilipopokea Bombardier Q400 zake mbili, wapo waliozibeza kwa neno moja tu: pangaboi. Kana kwamba ndege yenye panga mbele ya injini ni masalia ya vita vya babu zetu. Mtazamo huo haujafa. Kila video ya ndege za Vita Kuu ya Pili ikianza kuzunguka kwenye simu, maswali ni yale yale. Ndege ya panga ilipigana vipi? Risasi zilipita vipi katikati ya panga bila kulikata? Na kati ya Spitfire ya Mwingereza na Messerschmitt ya Mjerumani, ipi ilikuwa kiboko ya mwenzake?

Swali la mwisho ndilo linalozua ubishi mkubwa, na wanaobishana karibu wote hutazama mwendo wa juu kabisa wa kila ndege. Hapo ndipo wanapopotea. Mwaka 1940 ndege hizi mbili zilikuwa karibu sawa kwa mwendo. Zilipishana katika vitu vidogo: jinsi petroli inavyoingia kwenye injini, jinsi panga linavyoishika hewa, mahali bunduki zilipofungwa, na lita ngapi zimebaki kwenye tangi.

Panga na injini yake

Ndege yenye injini husonga mbele kwa kutupa hewa nyuma. Panga hutupa hewa nyingi kwa kasi ya wastani. Jeti hutupa hewa kidogo kwa kasi kubwa mno. Kwa mwendo wa chini ya kilomita 700 kwa saa hivi, panga hula mafuta kidogo zaidi, na ndiyo maana mashirika bado yananunua ndege za panga kwa safari fupi. Kinacholizungusha panga la Q400 ni injini ya ukoo wa jeti. Kwenye ndege za 1940 kulikuwa na pistoni, plagi, vali na kranki shafti, vitu ambavyo fundi yeyote wa magari angevitambua akifunguliwa boneti.

Spitfire ilifungwa Rolls-Royce Merlin, injini ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 27. Messerschmitt Bf 109 ilikuwa na Daimler-Benz DB 601, nayo ya silinda 12, ujazo karibu lita 34, tena imefungwa kichwa chini: kranki shafti juu, silinda zikining'inia. Zote zilitoa nguvu za farasi 1,000 na ushei. Bf 109 ilitangulia kuruka, Mei 1935. Spitfire ikafuata Machi 5, 1936. Kichekesho ni kwamba Bf 109 ya kwanza iliruka kwa injini ya Rolls-Royce aina ya Kestrel, kwa sababu injini ya Kijerumani iliyokusudiwa ilikuwa haijawa tayari.

Hizi zote mbili ni ndege za mapigano, yaani kazi yake kubwa ni kuangusha ndege nyingine. Zisichanganywe na ndege za mabomu, ambazo ni kubwa, nzito, na kwenye Mapigano ya Uingereza (vita vya angani Wajerumani walipoishambulia Uingereza, Julai 10 hadi Oktoba 31, 1940) ndizo zilizokuwa zikilindwa na upande mmoja na kuwindwa na upande wa pili.

Gia za angani

Bapa la panga limekaa mshazari, na kiasi cha mshazari huo ndicho kila kitu. Likilala kidogo tu, huishika hewa kidogo, na injini huzunguka kwa wepesi na kutoa nguvu yake yote: ndicho unachotaka ukiwa unaondoka uwanjani au unapanda. Likilala sana, hushika hewa nyingi kwa kila mzunguko, ndicho unachotaka ukishakuwa kwenye mwendo mkali. Dereva wa lori anayepanda mlima Kitonga anajua habari hii bila kuambiwa. Gia inayompandisha si ile itakayomkimbiza tambarare, na anayelazimisha gia moja kotekote atazima mlimani au atapasua injini tambarare.

Spitfire za kwanza kabisa zilikuwa na gia moja. Panga lake lilikuwa la mbao, mabapa mawili, mshazari usiobadilika. Lilifaa mwendo mkali, lakini kuondoka uwanjani kulikula ardhi ndefu na kupanda kulikuwa kwa kusuasua. Likaja panga la chuma la mabapa matatu lenye nafasi mbili, ya kupandia na ya mwendo. Suluhisho la kweli lilikuwa panga linalojirekebisha lenyewe. Rubani huchagua mizunguko anayotaka, tuseme 3,000 kwa dakika wakati wa mapambano, na kifaa chenye vijiwe vinavyozunguka huhisi injini ikizidi au ikipungua. Kikihisi hivyo, hufungua au hufunga njia ya oili yenye shinikizo kwenye kitovu cha panga, na oili hiyo inasukuma pistoni inayogeuza mabapa. Rubani haongezi kazi yoyote mkononi.

Mafundi wa kampuni ya de Havilland walianza kuyafunga mapanga hayo mwishoni mwa Juni 1940, wakizifuata ndege huko huko viwanjani badala ya kuzisubiri kiwandani. Kufikia katikati ya Agosti ndege zaidi ya 1,000 za Spitfire, na za Hurricane na Defiant, ndege nyingine za mapigano za Waingereza, zilikuwa zimeshabadilishwa. Ndege ikaondoka uwanjani kwa umbali mfupi zaidi na ikapanda haraka zaidi. Kwa rubani anayeitwa juu wakati adui tayari yuko mita 5,000 na anakuja, dakika moja au mbili za kupanda ni tofauti ya kumkuta akiwa chini yako au juu yako. Aliye juu ndiye anayechagua kupigana au kuondoka.

Kwenye Bf 109 nyingi za wakati ule, rubani mwenyewe ndiye aliyegeuza mabapa kwa swichi, akiangalia mshale kwenye dashibodi uliofanana na saa. Ilifanya kazi vizuri, ila ilimdai mkono na jicho wakati ambao vyote viwili vilikuwa na shughuli nyingine.

Kuna gharama moja ya panga kubwa ambayo video hazionyeshi. Likizungushwa kwa nguvu zote huku ndege ikiwa bado inakwenda taratibu, pua hutaka kukimbilia upande mmoja. Ndege zote hizi mbili zilivuta kushoto, na rubani alilazimika kukanyaga usukani wa mkia kulia kwa nguvu. Bf 109 ilikuwa na tatizo la ziada. Miguu yake ya matairi ilifungwa kwenye kiwiliwili, si kwenye mabawa. Ilikuwa busara ya karakana: unaweza kung'oa bawa lote na ndege ikabaki imesimama kwa miguu yake. Lakini nafasi kati ya matairi ikawa finyu, na ndege nyingi ziliharibikia uwanjani, wakati wa kuondoka au kutua, bila risasi hata moja. Spitfire nayo ilikuwa na miguu ya karibukaribu. Hurricane ndiyo iliyotanua miguu, na marubani wachanga waliishukuru kwa hilo.

Risasi na panga

Watu hudhani bunduki hufyatua mfululizo, kisha kuna kitu kinachoikatiza panga linapopita mbele ya mtutu. Ni kinyume chake. Bunduki haifyatui mpaka injini iseme.

Turudi 1915, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Mfaransa Roland Garros alifunga vipande vya chuma vyenye umbo la kabari nyuma ya mabapa ya panga lake, ili risasi itakayogonga bapa itelezee pembeni. Aliangusha ndege kadhaa mwezi Aprili, kisha tarehe 18 akalazimika kutua upande wa Wajerumani, na ndege yake ikakamatwa. Kiwanda cha Anthony Fokker kikatoa kitu bora zaidi. Wazo lenyewe lilikuwa limeshaandikishwa hataza kabla ya vita. Fokker na mafundi wake ndio walioliingiza vitani. Kwenye mzunguko wa injini panafungwa kisahani chenye nundu. Nundu ikipita, inasukuma fito, fito inagusa kifyatulio, risasi moja inatoka. Kisahani kimepangwa ili nundu ipite pale tu ambapo bapa limeshaondoka. Rubani akibonyeza, anachofanya ni kuiunganisha fito na bunduki.

Hesabu yake inaonyesha kwa nini kazi hii ilikuwa ngumu. Chukua panga la mabapa mawili linalozunguka mara 1,200 kwa dakika. Hiyo ni mara 20 kwa sekunde, kwa hiyo bapa hupita mbele ya mtutu mara 40 kila sekunde. Risasi inayotoka kwa mita 800 kwa sekunde huchukua kama sehemu moja ya 800 ya sekunde kulifikia panga lililo mita moja mbele, na katika muda huo panga limeshageuka nyuzi 9 hivi. Hilo linahesabika na linapangwa. Kinachoharibu ni risasi mbovu. Fataki ikichelewa kuwaka kwa hata sehemu moja ya 200 ya sekunde, panga limegeuka nyuzi 36, na risasi inakwenda kutoboa bapa. Ndiyo maana risasi za bunduki hizi zilichaguliwa kwa uangalifu kuliko za askari wa miguu. Kasoro nyingine ni kwamba bunduki inayosubiri ruhusa ya injini hupiga polepole kuliko ikiwa huru.

Ukiona video ambayo panga limesimama kabisa huku ndege inaruka, au linarudi nyuma, hapo mwenye kosa ni kamera. Picha zinapigwa kwa mpigo unaolingana na panga, hivyo kila picha inalikuta bapa palepale.

Mwaka 1940 Bf 109 aina ya E ilikuwa bado na bunduki mbili ndogo juu ya injini zikipiga kupitia kwenye panga, na mizinga miwili ya milimita 20 kwenye mabawa. Spitfire ilikwepa tatizo zima: bunduki nane ndogo aina ya Browning, zote mabawani, nje ya duara la panga. Hakuna nundu, hakuna fito, kila bunduki inapiga kwa kasi yake yote.

Lakini bunduki zilizotawanyika kwenye mabawa mawili lazima zielekezwe ndani kidogo ili risasi zikutane mahali. Wapi? Mwanzoni Waingereza walizipanga zikutane mita 365 hivi mbele. Marubani waliozoea mapambano wakagundua kwamba kwa umbali huo risasi zilikuwa zimetawanyika na zimechoka, wakawashinikiza mafundi wazilete hadi mita 230. Rubani aliyepiga kutoka mbali zaidi ya hapo alikuwa anamwaga chuma hewani. Tena hakuwa nacho kingi: risasi 300 kwa kila bunduki, sekunde 15 hivi za kubonyeza, basi. Mizinga ya Bf 109 ilikuwa na makombora 60 kila mmoja, kama sekunde 7. Kombora moja likipata lilifanya kazi ya risasi nyingi, kwani lililipuka ndani. Kukosa nako kulikuwa ghali.

Mbona basi Waingereza wasifunge mizinga? Walijaribu mwaka huo huo, kikosi namba 19. Mzinga wa Hispano ulikuwa mnene kuliko bawa jembamba la Spitfire, ikabidi ulazwe ubavu. Maganda yakakataa kutoka vizuri, mizinga ikakwama katikati ya mapambano, na marubani wakaomba warudishiwe bunduki zao ndogo. Mizinga ilirudi baadaye, ikiwa imerekebishwa.

Jambo dogo la uwanjani: kabla ya kuruka, mafundi silaha walibandika vitambaa juu ya matundu ya bunduki mabawani. Juu kule baridi hugandisha mafuta ya bunduki na unyevu ukageuka barafu, na uwanjani vumbi huingia mtutuni. Risasi ya kwanza ilitoboa kitambaa. Ndege ikirudi inapiga mluzi, na vitambaa vimechanika, mafundi walishajua kabla rubani hajafungua mdomo.

Kabureta iliyokohoa

Merlin ilitumia kabureta, kifaa kile kile kilichoko kwenye pikipiki nyingi barabarani: kibakuli cha petroli chenye boya. Petroli ikipungua boya linashuka na kufungua sindano, petroli inaingia. Ikijaa linapanda na kuifunga. Utaratibu huu unategemea kitu kimoja, kwamba chini ni chini.

Rubani wa Bf 109 akiona ana Spitfire mkiani, alisukuma usukani mbele kwa ghafla na kupiga mbizi. Rubani wa Spitfire akifanya vilevile, mwili wake unanyanyuka kwenye kiti na petroli kwenye kibakuli nayo inanyanyuka, inakimbilia juu, mbali na matundu ya kuinyonya. Injini inakosa mafuta na kukohoa. Baada ya hapo ndipo kasoro ya pili inaingia, nayo ndiyo mbaya zaidi: boya limepoteza mahali pake, sindano iko wazi, pampu inasukuma petroli kwa nguvu zote, na injini inafurika. Moshi mweusi, kishindo, nguvu zinapotea kwa sekunde kadhaa. Sekunde hizo zilimtosha Mjerumani kupotea.

DB 601 haikuwa na kibakuli. Pampu yake ilipuliza petroli moja kwa moja ndani ya kila silinda kwa kipimo, ndege ikiwa imesimama, imelala au iko kichwa chini.

Marubani wa Kiingereza walijifunza kuipindua ndege nusu kwanza ndipo waivute kwenda chini, ili petroli ibaki imekandamizwa mahali pake. Ilisaidia, lakini kupindua kunakula muda. Aliyetuliza tatizo ni mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, mwanamke aliyekuwa pia mkimbizaji wa pikipiki aliyewahi kuzunguka uwanja wa Brooklands kwa zaidi ya maili 100 kwa saa. Kifaa chake kilikuwa kipande kidogo cha shaba chenye tundu, kilichofungwa kwenye njia ya petroli. Tundu lilipimwa lipitishe kiasi kile tu injini inachohitaji ikiwa kwenye nguvu kamili, si zaidi. Halikuzuia kukohoa kwa kwanza, ila lilizuia mafuriko. Na lilifungwa bila kuiondoa ndege kazini. Kufikia Machi 1941 vikosi vya ndege za mapigano vilikuwa navyo, yaani baada ya mapigano makubwa ya kiangazi kwisha.

Wengi huishia hapo na kusema kabureta ilikuwa ujinga wa Rolls-Royce. Si kweli. Petroli iliyochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye supachaja, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini, hupoza hewa hiyo inapogeuka mvuke. Hewa baridi hujaa zaidi ndani ya silinda na hutoa nguvu zaidi. Ni faida halisi, ilihesabiwa na kuchaguliwa kwa makusudi, na bei yake ikalipwa kwenye mbizi.

Petroli na saa

Waingereza walikuwa na faida nyingine isiyoonekana kwenye picha yoyote: petroli ya oktani 100. Oktani ni kipimo cha petroli kuvumilia kushindiliwa bila kulipuka kabla ya wakati. Petroli dhaifu ikishindiliwa sana hujilipukia yenyewe, injini inagonga, pistoni zinatoboka. Kwa petroli ya oktani 87 supachaja ya Merlin iliruhusiwa kushindilia hadi pauni 6 na robo kwa inchi ya mraba juu ya shinikizo la kawaida la hewa. Kwa oktani 100, ikaruhusiwa hadi 12, kwa dakika 5. Hapo Merlin ilitoa nguvu za farasi zipatazo 1,300 kwenye mwinuko wa chini na wa kati. Rubani aliyeitumia alitakiwa aripoti akitua, fundi aikague injini. Kwa hiyo jedwali linalolinganisha mwendo wa Spitfire na Bf 109 bila kutaja petroli ya aina gani na mwinuko gani halikusaidii kitu.

Upande wa Ujerumani, tangi la Bf 109 lilibeba lita 400, karibu sawa na lita 386 za Spitfire. Lakini Spitfire ilipigana juu ya nyumba yake. Bf 109 iliondoka kaskazini mwa Ufaransa, ikapanda, ikazungukazunguka kuzisubiri ndege za mabomu zilizochelewa, ikavuka bahari, na ikifika London ilibaki na dakika 10 hivi za kupigana kabla taa nyekundu ya mafuta haijawaka. Kurudi kulimaanisha kuvuka maji tena, si chini ya kilomita 33 hata kwenye sehemu nyembamba kabisa. Wapo walioishia majini bila kupigwa. Matangi ya ziada ya kuning'iniza yalikuja katika matoleo ya baadaye ya mwaka huo.

Ongeza amri iliyotoka juu kwamba ndege za mapigano zikae ubavuni mwa ndege za mabomu. Bf 109 ilikuwa kali ikishuka kutoka juu kwa kasi, ikapiga na kupanda tena. Ukiilazimisha itambae karibu na ndege nzito, ikipinda huku na huku isije ikaitangulia, umeinyang'anya silaha yake kubwa. Na hapo kwenye mwendo mdogo na kona kali ndipo Spitfire ilipokuwa nyumbani. Kila mita ya mraba ya bawa la Spitfire ilibeba kilo 125 hivi. Ya Bf 109 kilo 160 hivi. Bawa lenye mzigo mdogo hukata kona fupi zaidi. Bf 109 ilikuwa na vibapa kwenye ukingo wa mbele wa bawa vilivyofunguka vyenyewe kuizuia isianguke, lakini wakati mwingine cha upande mmoja kilitangulia, ndege ikashtuka, na shabaha ikaharibika.

Hesabu za vifo vya ndege

Septemba 15, 1940, Uingereza ilitangaza imeangusha ndege 185. Idadi halisi ilikuwa kama 60. Si lazima iwe propaganda. Marubani watatu wakipiga ndege ileile kwa nyakati tofauti, kila mmoja anarudi na yake moja. Bf 109 inayopiga mbizi kwa ghafla ikitoa moshi mweusi wa injini, aliyeipiga anaapa aliiona ikiungua, kumbe inakwenda kula chakula cha mchana Calais, Ufaransa. Wajerumani nao walikuwa na hesabu zao zilizovimba, na zao ziliwaponza zaidi, kwa sababu walipanga mashambulizi wakiamini Waingereza wamebakiwa na ndege chache. Ukikutana na orodha ya ushindi isiyosema imelinganishwa na kumbukumbu za hasara za upande wa pili, ipunguze kichwani.

Uvumi mwingine sugu ni kwamba Spitfire ilishinda peke yake. Hurricane zilikuwa nyingi zaidi na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi. Ilikuwa polepole kidogo, lakini sehemu kubwa ya kiwiliwili chake ilikuwa mabomba na mbao zilizovikwa kitambaa, na kitambaa kilichotobolewa kinashonwa na kupakwa rangi jioni, kesho ndege inaruka.

Hurricane hiyohiyo ndiyo iliyofika huku kwetu. Mwaka 1940 na 1941 Jeshi la Anga la Afrika Kusini liliirusha kutoka viwanja vya Kenya, pamoja na Hawker Fury kuukuu za mabawa mawili-mawili, dhidi ya Fiat CR.32 na CR.42 za Waitalia waliokuwa Somalia na Ethiopia. CR.42 ilikuwa na mabawa mawili-mawili na miguu isiyokunjwa, lakini kwenye kona iliizidi Hurricane bila shida. Hurricane ilipaswa kukataa mchezo huo: shuka, piga, panda, ondoka. Adui mwingine alikuwa vumbi. Kichujio kikubwa kilichofungwa chini ya pua kuilinda injini kiliipunguzia ndege mwendo, na bila hicho pistoni zililika upesi.

Mwisho wa panga vitani

Ubora haukukaa upande mmoja. Mwaka 1941 Wajerumani waliingiza Focke-Wulf 190, na Spitfire za wakati huo zikazidiwa karibu kila mahali isipokuwa kwenye kona. Juni 1942 rubani mmoja wa Kijerumani, Armin Faber, alipotea njia akatua Pembrey, Wales, akidhani yuko Ufaransa. Waingereza wakapata ndege nzima ya kuichunguza. Jibu lao, Spitfire aina ya IX, lilikuwa tayari linakuja: Merlin mpya yenye supachaja ya hatua mbili na rejeta ya kupoza hewa iliyoshindiliwa, panga la mabapa manne, na mwendo wa zaidi ya kilomita 650 kwa saa. Baadaye ikafungwa injini kubwa zaidi ya Griffon, lita 36.7, iliyozunguka kinyume na Merlin. Rubani aliyezoea kukanyaga kulia wakati wa kuondoka sasa alitakiwa akanyage kushoto, na aliyesahau alijikuta nje ya njia.

Nguvu ziliongezeka, lakini panga lilikuwa na ukuta mbele yake. Panga la Spitfire ya 1940 lilikuwa na kipenyo cha mita 3.3 hivi, na gia iliipunguza mizunguko 3,000 ya injini hadi kama 1,430. Ncha ya bapa hapo inakwenda mita 247 kwa sekunde. Ndege nayo inasonga mbele mita 160. Jumlisha mielekeo hiyo miwili, ncha inapasua hewa kwa karibu mita 295 kwa sekunde, na kwenye mwinuko wa mita 6,000 sauti yenyewe husafiri mita 316. Bapa likikaribia mwendo wa sauti, hewa hujikusanya mbele yake, upinzani unapanda ghafla, na nguvu za ziada za injini zinaishia kuwa kelele na joto. Unaweza kuongeza farasi elfu nyingine ukapata kilomita chache tu. Jeti haina ncha hizo za nje, na mwaka 1944 Me 262 ya Kijerumani na Meteor ya Kiingereza zilishaingia kazini.

Mapanga yaliendelea kupigana hata hivyo, wakati mwingine pande zote mbili zikiwa na ndege ya aina moja. Januari 7, 1949, karibu na mpaka wa Misri, Spitfire za Israeli ziliangusha Spitfire za Uingereza. Miezi michache kabla ya hapo Israeli walikuwa wakitumia pia Avia S-199, ambayo ni Bf 109 iliyoundwa Czechoslovakia kwa injini nyingine, isiyoifaa, na marubani waliilalamikia sana kwa kuvuta upande uwanjani. Hispania nayo iliendelea kutengeneza Bf 109 baada ya vita, na matoleo ya mwisho yalifungwa injini ya Merlin, hivyo ndege iliyoanza maisha yake kwa Rolls-Royce ikayamalizia kwa Rolls-Royce. Pambano la mwisho linalojulikana kati ya ndege za mapigano za pistoni lilikuwa Julai 17, 1969, Amerika ya Kati. Kapteni Fernando Soto wa Honduras, akirusha Corsair, aliangusha ndege tatu za El Salvador siku hiyo: Mustang moja, na Corsair mbili kama yake.